UZI: Ukiacha vidonge vya uzazi wa mpango, damu huchukua muda gani kurudi kwenye hali yake ya kuganda?

Mwanamaabara (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu, na hasa dada zangu.

Nafanya kazi maabara, upande wa vipimo vya kuganda kwa damu. Kuna jambo limenikera kwa muda mrefu na nimeamua kuliandika hapa kwa kirefu, maana linawahusu wanawake wengi na wanaolieleza ni wachache.

Sampuli inaletwa, napima, nakuta protini S, moja ya protini zinazozuia damu isigande ovyo, iko chini. Majibu yanatoka. Mwanamke anaambiwa ana tatizo la kurithi la damu kuganda. Anaanza kuogopa kubeba mimba, anawatia hofu na wadogo zake wa kike. Ukifuatilia unakuta alimeza kidonge chake cha mwisho cha uzazi wa mpango siku chache tu kabla ya kutolewa damu. Hakurithi chochote. Damu yake ilikuwa haijarudi kwenye hali yake, basi.

Wapo pia wanaoacha vidonge leo, keshokutwa wanaingia kwenye upasuaji mkubwa wakiamini hatari imekwisha. Na wapo wanaoacha na kuanza, kuacha na kuanza, kwa madai ya kuupumzisha mwili. Wote hawa watatu wanaumizwa na swali moja ambalo hawakujibiwa: baada ya kuacha, damu inachukua muda gani?

Nianze na kinachotokea ukiwa bado unatumia. Nazungumzia njia zenye homoni mbili pamoja, estrojeni na projestini. Hapo wamo wanaomeza vidonge, wanaobandika kibandiko kwenye ngozi na wanaovaa pete ya ukeni. Watu hudhani kibandiko na pete ni salama zaidi kwa kuwa havipiti tumboni. Estrojeni iliyomo humo, ethinili-estradioli, imetengenezwa kwa namna ambayo ini haliivunji upesi. Hata ikiingilia kwenye ngozi, itazunguka na damu na kufika kwenye ini ikiwa na nguvu zake.

Na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu, pamoja na zile za kuizuia isigande ovyo. Estrojeni ikifika huko, fibrinojeni inapanda, protrombini inapanda, faktori ya VII na ya X zinapanda, hata faktori ya VIII huongezeka. Wakati huohuo protini S inashuka, antitrombini inashuka kidogo, na protini C, ambayo kazi yake ni kuzima mgando usivuke mipaka, inaanza kupuuzwa na damu. Kila badiliko likisimama peke yake ni dogo. Tatizo ni kwamba yote yanaegemea upande mmoja.

Kwa takwimu za Shirika la Dawa la Ulaya, kati ya wanawake 10,000 wasiotumia njia hizi na wasio wajawazito, karibu 2 hupata bonge la damu kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge ambavyo projestini yake ni levonogestreli ni 5 hadi 7. Kwa vyenye projestini nyingine, yaani desojestreli, jestodini au drospirenoni, ni 9 hadi 12. Naomba namba hizi zisomwe kwa utulivu: hatari inaongezeka mara kadhaa, lakini wanawake wengi mno wanaotumia hawatapata bonge maisha yao yote.

Sasa kuacha. Homoni yenyewe inaondoka mwilini ndani ya siku chache. Protini ndizo zenye ratiba zao. Faktori ya VII haidumu, nusu yake imekwisha ndani ya saa chache. Protrombini inataka siku mbili na nusu hadi tatu ili nusu yake iondoke. Fibrinojeni karibu siku 4. Na ini nalo linahitaji muda wa kurudi kwenye kiwango chake cha utengenezaji. Ndiyo maana hakuna siku moja ambayo kila kitu kinarudi kwa pamoja.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote kwenye jambo hili ulifanyika Geneva, Uswisi, ukachapishwa kwenye jarida la Blood mwaka 2024. Walichukua wanawake 66 waliokuwa wameamua kuacha njia zenye estrojeni, wakawatoa damu kabla ya kuacha, halafu wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 6 na ya 12 baada ya kuacha. Pembeni waliwaweka wanawake 28 wasiotumia homoni, wa kulinganisha. Kufikia wiki ya 2, karibu asilimia 80 ya mabadiliko yote ya kurudi kwenye hali ya kawaida yalikuwa yamekwisha tokea. Kufikia wiki ya 4, asilimia 85. Wiki ya 12 damu zao zilifanana na za wale wasiotumia.

Tazameni mwendo wa namba hizo. Mporomoko mkubwa uko kwenye wiki mbili za mwanzo, halafu mkia mrefu unaoisha taratibu hadi miezi mitatu. Jibu la swali la uzi huu ni hilo, na linabadilika kufuatana na unachotaka kufanya: kufanyiwa upasuaji, kupimwa, au kuacha tu kwa sababu umeamua kuacha.

Angalizo: wale wa Geneva walipima damu, hawakuhesabu mabonge. Lakini kuhesabu mabonge kulifanywa zamani. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti kwenye vituo 21 Afrika, Asia, Ulaya na Amerika ya Kusini, ukachapishwa 1995. Ulionyesha hatari ya ziada inatoweka ndani ya miezi 3 ya kuacha. Njia mbili tofauti zimefika mahali pamoja, na hilo linanipa imani.

Karibuni maswali. Nitajibu ninayoyajua, na penye daktari nitasema aende kwa daktari.

---

Njiwa Mweupe

Asante sana Mwanamaabara, sijawahi kuona jambo hili likielezwa hivi. Mimi nimetumia vidonge tangu kabla ya ndoa, halafu katikati ya watoto, yaani ni miaka mingi. Je, hiyo hatari haijajikusanya? Naogopa kwamba mwenzangu aliyetumia mwaka mmoja atarudi haraka na mimi nitachelewa.

Mwanamaabara

Dada Njiwa, hapana, haijikusanyi. Utafiti uleule wa 1995 uliliangalia hilo: muda wa kutumia haukubadilisha hatari. Ini linafanya kazi kwa estrojeni iliyopo leo, halina deni la miaka iliyopita. Aliyetumia mwaka mmoja na aliyetumia kumi wanashuka kwenye mteremko uleule.

Kinachobadilika kadiri miaka inavyokwenda ni umri wako mwenyewe. Bonge la damu linawapata zaidi watu wazima kuliko vijana, utumie vidonge usitumie. Ukiacha unarudi kwenye kiwango chako cha umri ulionao sasa, si kile cha ulipokuwa na miaka ishirini.

---

Bi Mkubwa wa Kona

Wanangu, nisikilizeni na mimi. Sisi tulifundishwa kupumzika. Unameza miezi sita, unaacha miwili, mwili unajisafisha, unaendelea. Na huyu ndugu amethibitisha mwenyewe kwamba ukiacha damu inarudi. Sasa kupumzika kuna ubaya gani?

Mwanamaabara

Shikamoo Bi Mkubwa. Naheshimu ulichofundishwa, na najua walimu wako walikusudia mema. Lakini hapa napinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ushauri huu ndio unaowaweka wanawake kwenye hatari kubwa zaidi bila wao kujua.

Hatari ya bonge haiko sawa kwa muda wote wa kutumia. Iko juu zaidi mwaka wa kwanza, na hasa miezi ya mwanzo. Baada ya hapo inashuka, ingawa haifiki kwenye kiwango cha asiyetumia. Na ukiacha kwa wiki 4 au zaidi kisha ukaanza tena, unarudishwa kwenye kile kipindi kibaya cha mwanzo. Mamlaka za dawa zimeliandika hili wazi kwenye maelezo ya dawa.

Sasa chukua huyo anayemeza miezi sita na kuacha miwili. Kila mwaka anapita kwenye miezi ya mwanzo, tena na tena. Hajawahi kufika kwenye kipindi cha utulivu. Halafu katika ile miezi miwili ya kupumzika, mimba inaweza kuingia, na ujauzito unagandisha damu kuliko kidonge. Mamlaka ya dawa ya Marekani inakadiria mabonge 5 hadi 20 kwa wajawazito 10,000 kwa mwaka, na 40 hadi 65 katika wiki 12 baada ya kujifungua.

Anayetaka kuacha, aache. Ni haki yake na haihitaji sababu. Asiyetaka kuacha, na vidonge vinamfaa, na daktari hajaona tatizo, aendelee bila kukatakata.

Bi Mkubwa wa Kona

Marahaba mwanangu. Hilo la miezi ya mwanzo sikuambiwa na mtu. Nitalifikisha kwa binti zangu, mmoja wao yuko kwenye mapumziko sasa hivi.

---

Kijani Kibichi

Mimi nina upasuaji wa nyonga umepangwa. Nimeambiwa niache vidonge, nikaambiwa na tarehe ya kulazwa. Hakuna aliyeniambia niache lini, wala nitumie nini badala yake. Nimekaa nasoma uzi huu nikitetemeka.

Zamu ya Usiku

Kijani, pole. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya upasuaji muda mrefu, niruhusu nichangie kabla ya Mwanamaabara.

Usitetemeke, bado una nafasi ya kupanga. Ushauri wa kawaida kwa upasuaji mkubwa ambao utakulaza kitandani kwa muda ni kuacha njia za estrojeni wiki 4 kabla. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, inasema hivyohivyo: mwanamke ashauriwe kufikiria kuacha wiki 4 kabla ya upasuaji uliopangwa. Upasuaji wa nyonga unaangukia hapo moja kwa moja, kwa sababu upasuaji wa mifupa ya nyonga na goti ni maarufu kwa mabonge ya damu hata kwa wasiotumia kidonge.

Upasuaji mdogo, kung'oa jino, kutoa uvimbe mdogo chini ya ngozi, huo hauhitaji kuacha. Kwenye vigezo vya Shirika la Afya Duniani, upasuaji mdogo ni daraja la 1 kwa vidonge vya homoni mbili, maana yake tumia tu. Upasuaji mkubwa usiokulaza muda mrefu ni daraja la 2, maana yake kwa kawaida faida inazidi hatari. Wenye kulala muda mrefu ndio daraja la 4, visitumike.

Na hili la badala yake ndilo ninalolililia kila siku. Nimeona mwanamke anaacha kidonge kama alivyoagizwa, anafika siku ya upasuaji, kipimo cha mimba kinasoma ana mimba. Upasuaji unaahirishwa na damu yake sasa inaganda zaidi kuliko alipokuwa anameza. Waliomwambia aache walisahau sentensi moja tu. Kijani, usiache bila kuwa na njia nyingine mkononi: kondomu kila mara, au vidonge vya projestini pekee, au kijiti, au kitanzi. Uliza kabla ya kumeza kidonge cha mwisho.

Mwanamaabara

Nashukuru sana Zamu ya Usiku, umemaliza. Niongeze kwamba hizo wiki 4 hazikuokotwa. Mwaka 1991 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofuatilia damu za wanawake baada ya kuacha vidonge, ukalenga swali hilihili la upasuaji, na wakashauri angalau wiki 4. Geneva wameonyesha kwamba sehemu kubwa inarudi mapema zaidi, wiki ya 2. Kwa hiyo Kijani, ikitokea umebakiwa na wiki tatu tu, bado una faida kubwa ya kuacha. Na ikitokea upasuaji wa dharura ambao haungoji, madaktari wana sindano za heparini na soksi za kubana za kupunguza hatari. Muhimu ni wajue. Mwambie daktari wa upasuaji na wa usingizi, wote wawili, jina la kidonge na siku uliyomeza cha mwisho.

Kijani Kibichi

Nimepiga simu kliniki. Nimepata miadi ya kuongea kuhusu njia nyingine kabla sijaacha. Mungu awabariki.

Zamu ya Usiku

Vizuri sana. Na baada ya upasuaji usirudie vidonge vya estrojeni siku unayotoka wodini. Huwa tunasubiri angalau wiki 2 tangu mtu ameanza kutembea kikamilifu. Na kama umeshahamia kwenye kijiti au kitanzi na kinakufaa, huna sababu ya kurudi.

---

Tulia Kidogo

Samahani kuingilia. Mimi niliacha vidonge hivi karibuni, na tangu hapo hedhi inakuja na mabonge. Nimesoma kichwa cha uzi nikaogopa. Haya ndiyo mabonge mnayozungumzia?

Mwanamaabara

Hapana dada, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na naomba wote wasome hapa kwa sababu hofu hii ni ya wengi.

Bonge tunalozungumzia linajifanya ndani ya mshipa wa damu, mara nyingi mguuni, na hatari yake ni kukatika na kusafiri hadi kwenye mapafu. Bonge la hedhi linajifanya ndani ya mji wa mimba, nje ya mishipa. Kwa kawaida mji wa mimba unayeyusha damu ya hedhi ili itoke laini. Damu ikiwa nyingi, inatoka kabla ya kuyeyushwa yote, na unaona mabonge. Halisafiri kwenda kwenye mapafu.

Kidonge kilikuwa kinaufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, ndiyo maana hedhi ilikuwa nyepesi. Umeacha, utando unarudi kwenye unene wake, hedhi inarudi kuwa ile uliyokuwa nayo kabla. Lakini ukilowanisha pedi ndani ya saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, au mabonge ni makubwa, au unasikia kizunguzungu na kuchoka, nenda ukaonwe. Kupungukiwa damu kunaumiza pia.

---

Mbio za Asubuhi

Niliacha vidonge wiki iliyopita. Nimesafiri kwa basi usiku kucha, nimeamka na mguu wa kushoto unauma kwenye kigimbi. Umevimba kuliko wa kulia na una joto. Nimedhani ni msuli kwa sababu nakimbia. Na kwa kuwa nimeshaacha vidonge nikasema haiwezi kuwa bonge.

Zamu ya Usiku

Mbio, acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, baada ya safari ndefu, wiki moja baada ya kuacha estrojeni: hivyo ndivyo bonge linavyojitangaza. Usiukande, usiuchue. Waambie umeacha vidonge wiki iliyopita, wakupime kwa altrasaundi ya mishipa.

Ukianza kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio au kuzimia, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo. Mwombe mtu akupeleke.

Mwanamaabara

Nasisitiza kauli ya Zamu. Wiki ya kwanza damu iko katikati ya mteremko, haijafika chini. Nenda, tafadhali, na utujulishe.

Njiwa Mweupe

Dada Mbio umefika? Tunakuombea.

Mbio za Asubuhi

Nimerudi kuwapa taarifa. Altrasaundi imeonyesha bonge kwenye vena ya ndani ya mguu. Nimeanzishiwa rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari amesema nimewahi, halijapanda. Sijui niwashukuruje. Ila nimeagizwa nikapime kama nimerithi tatizo la damu, na nimekumbuka maneno ya mwanzo ya uzi huu.

Mwanamaabara

Ahsante Mungu. Pole sana dada, na hongera kwa kuwahi.

Kuhusu kipimo: mwombe daktari msubiri. Leo una vitu vitatu vinavyovuruga majibu kwa pamoja. Estrojeni haijaisha athari zake, bonge jipya lenyewe linatumia protini za kuzuia mgando, na rivaroksabani inaingilia baadhi ya vipimo vyetu. Wangekupa warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ingeshusha protini S na C. Heparini nayo inagusa antitrombini. Kipimo cha vinasaba, kama kile cha faktori ya V Leiden (badiliko la kurithi linaloifanya damu igande kwa urahisi), hakivurugwi na dawa, hicho kinaweza kuchukuliwa wakati wowote. Vingine vingoje hadi umalize dawa na uwe umekaa mbali na estrojeni, wengi hutaka miezi 2 au 3. Na haraka haipo, kwa sababu matibabu ya sasa hayabadiliki kwa majibu hayo.

Jambo la kukupa moyo: bonge lililotokea kwa sababu ya estrojeni lina uwezekano mdogo wa kurudi kuliko lile lililotokea bila sababu, maadamu estrojeni haitumiki tena. Matibabu huwa miezi 3 hadi 6, daktari wako ataamua.

---

Baba wa Wawili

Salaam. Mke wangu naye ana bonge mguuni na yuko kwenye dawa hiyohiyo. Aliambiwa aache kidonge siku ileile. Sasa hedhi inamtoka kwa wingi wa kutisha, amelazwa kuongezewa damu. Nimeambiwa kuna wanaoruhusu mtu aendelee na homoni akiwa kwenye dawa ya bonge. Inawezekanaje? Si ndiyo iliyomletea tatizo?

Mwanamaabara

Pole sana ndugu, na mpe pole mama watoto. Swali lako ni la msingi sana.

Dawa za kuzuia damu kuganda zinaongeza hedhi, rivaroksabani hasa. Ukiondoa kidonge siku hiyohiyo, utando wote unaachia kwa mara moja, na dawa inazuia damu isisimame. Mambo mawili yamekutana kwa wakati mmoja.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, wa wanawake zaidi ya 1,800 waliokuwa kwenye matibabu ya bonge kwa rivaroksabani au dawa za kundi la warfarini, uliangalia hilo. Waliokuwa wanatumia homoni hawakupata mabonge mapya zaidi ya wasiotumia. Dawa ya bonge ilikuwa inafunika ile nguvu ya homoni. Kwa hiyo wapo madaktari wanaomwacha mwanamke aendelee kwa muda akiwa ndani ya kinga ya dawa, ili hedhi isimmalize. Sharti ni moja na halina mjadala: homoni yenye estrojeni iachwe kabla dawa ya bonge haijasimamishwa, angalau mwezi mmoja kabla, ili ule mteremko wa wiki nne upitiwe akiwa bado amefunikwa. Vikisimamishwa siku moja vyote, anabaki na damu inayoganda bila kinga.

Hili halifanywi nyumbani. Usimrudishie kidonge mwenyewe. Ongea na daktari wake, na muulize hasa kuhusu kitanzi chenye levonogestreli. Kinapunguza hedhi sana na hakijaonekana kuongeza mabonge. Na uzazi wa mpango kwake ni lazima kwa sasa, kwa sababu dawa hizi hazifai kwa mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Baba wa Wawili

Nimemwonyesha daktari wa zamu swali la kitanzi. Amesema wataitisha daktari wa wanawake kesho. Nashukuru mno.

---

Upepo wa Kusi

Mimi natumia sindano ya miezi mitatu. Na mdogo wangu ana kijiti mkononi. Hizi wiki mbili na nne zinatuhusu?

Mwanamaabara

Kwa mdogo wako, kwa kweli hakuna cha kusubiri. Kijiti kina projestini pekee, na tafiti hazijaonyesha ongezeko la maana la mabonge. Hali ni hiyo kwa vidonge vya projestini pekee. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa.

Sindano ni tofauti kidogo. Haina estrojeni, lakini baadhi ya tafiti zimeona mabonge mara mbili au tatu zaidi kwa watumiaji. Shirika la Afya Duniani bado linairuhusu hata kwa wengi waliowahi kupata bonge, kwa daraja la 2. Ila sindano haina siku ya kuacha. Ukishachomwa, dawa inaendelea kuachiwa kutoka kwenye msuli kwa miezi, na baadhi ya wanawake huchukua karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi kushika mimba. Kwa hiyo usitumie hesabu za wiki mbili kwenye sindano.

Upepo wa Kusi

Na mtu kama Mbio, akishamaliza dawa, achague nini?

Mwanamaabara

Estrojeni hapana, iwe kidonge, kibandiko au pete. Kwa aliyewahi kupata bonge, Shirika la Afya Duniani limeziweka daraja la 4. Kitanzi cha shaba ni daraja la 1, ingawa kinaweza kuongeza hedhi kwa hiyo akiwa bado kwenye dawa kitamsumbua. Kitanzi chenye levonogestreli, kijiti na vidonge vya projestini pekee ni daraja la 2, na kwa wengi ndiyo mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Na akishika mimba baadaye, kliniki ya wajawazito ijue historia hii tangu hudhurio la kwanza, kwa sababu huenda akahitaji sindano za heparini wakati wa ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua.

Mbio za Asubuhi

Nimeyaandika yote kwenye daftari la kliniki. Miadi yangu ni wiki ijayo, nitauliza la kitanzi na la kuchelewesha vipimo.